Mnara wa Kati

Pale kwenye duka la keki walimwita Fundi, na mwanamke huyo alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mikono yake ilikuwa myepesi. Alikuwa akichukua donge la fondanti, ile sukari laini inayokandwa kama udongo wa mfinyanzi, akalisukuma mpaka likawa jembamba kama leso, kisha akalilaza juu ya keki bila kuacha hata kikunjo kimoja. Wateja walikuja na picha kwenye simu zao wakisema wanataka kama hii. Yeye aliitazama picha, akabetua mdomo kidogo, akasema, "Nitakufanyia nzuri kuliko hiyo." Na mara nyingi alifanya kweli.

Keki ya Jumamosi ile ilikuwa kasri. Msichana mmoja alikuwa anatimiza miaka sita, na mama yake alitaka kasri lenye minara mitano: minne mifupi kwenye pembe na mmoja mrefu katikati. Fundi aliianza Alhamisi. Kuta alizichora matofali kwa mgongo wa kisu, na mapaa aliyafanya kwa koni za aiskrimu alizozivika fondanti ya zambarau. Ijumaa akaweka lango lenye minyororo ya sukari. Jumamosi asubuhi kazi ilikuwa imebaki kidogo tu, na hapo ndipo alipojitia makuu. Aliutazama mnara wa kati akauona uko uchi. Akaanza kuupandishia mmea wa kutambaa, jani baada ya jani, kila jani dogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, na kila jani akalichora mishipa kwa sindano. Hakuna aliyemwagiza. Alipoinua kichwa, saa nzima ilikuwa imekwenda.

Vijiti alikuwa hajaviweka. Keki ndefu namna ile lazima ichomwe vijiti virefu vya mbao kutoka juu hadi chini, la sivyo inasimama kwa bahati tu. Alifungua droo, akakuta vifupi vitupu. Virefu vilikuwa vinauzwa duka la ng'ambo ya barabara, na nje mvua ilikuwa inamwagika. Fundi alisimama mlangoni na aproni yake, akaitazama ile mvua, kisha akarudi ndani. Krimu imekwisha kuganda kwenye friji, alijiambia. Itashika. Halafu dereva mwenyewe ni Taratibu.

Taratibu lilikuwa jina la utani la mzee aliyepeleka keki za duka lile kwa miaka kumi na mitano. Watu walikuwa wakimtania kwamba siku moja mtu anayetembea kwa miguu alilipita gari lake, kisha akarudi kumuuliza kama limeharibika. Mzee hakujali. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuangusha hata ua moja la krimu, na jambo hilo alilitaja kwa wageni kama wengine wanavyotaja vyeo vya watoto wao.

Alikuja saa sita, akaweka taulo mbili chini ya sanduku la keki ili lisiteleze, akauliza kama alivyouliza siku zote, "Imeshika, mwanangu?"

"Imeshika, mzee," Fundi alijibu. Alikuwa anaosha mikono, amempa mgongo.

Simu ililia saa saba na robo. Mwenye duka, mama mmoja mpole lakini asiyependa maneno mengi, aliipokea akiwa jikoni, na sauti ya mteja ilisikika mpaka kwenye masinki. Mlango wa gari ulipofunguliwa, mnara wa kati ulikuwa tayari umelala. Ulikuwa umeangukia miwili ya pembeni na kuivunja. Watoto walikuwa wamepangwa mstari kwenye ngazi kuipokea keki. Mwenye siku yake alikuwa chini ya meza, hataki kutoka.

Mwenye duka aliomba radhi mara nyingi, akaahidi kasri jingine baada ya wiki mbili, kisha akakata simu na kumgeukia Fundi.

"Uliweka vijiti?"

"Niliweka."

Lilimtoka hivyo hivyo, kama mtu anavyoinua mkono kujikinga.

"Sasa imekuwaje?"

"Sijui, dada. Labda alikanyaga breki ghafla."

Baadaye alilishikilia sana lile neno "labda", kana kwamba lilikuwa limempunguzia kosa. Lakini alijua alichofanya. Alikuwa ameuegemeza mnara wake kwenye utaratibu wa yule mzee, na ulipoanguka, jumba lote bovu akamwangushia yeye.

Taratibu alirudi akiwa ameishika kofia mkononi. Mwenye duka alimuuliza kuhusu breki, naye akasimama mbele ya meza ya kazi, na Fundi akaanza kufuta mahali palipokuwa safi.

"Breki sikukanyaga," mzee alisema. "Najua sikukanyaga. Kuna lile tuta jipya karibu na shule, nikadhani nimelipita vizuri." Aliigeuza kofia. "Lakini kama Fundi aliweka vijiti, basi ni mimi. Huenda tuta sikuliona sawasawa."

Angebisha, angepandisha sauti, pengine Fundi angepata nguvu ya kuutetea uongo wake. Mzee hakubisha. Alimwamini.

Jumatatu aliweka funguo za gari juu ya meza ya mwenye duka bila kuombwa. Alisema hataki kusubiri mpaka agonge mtu. Mwenye duka akamwita mpwa wake ashike usukani kwa muda, kijana aliyeendesha kama anafukuzwa na nyuki, na mzee akapewa kazi ya kukunja masanduku ya keki mwisho wa meza ya Fundi. Ikawa siku nzima wako pamoja, hatua nne hivi kati yao.

Roho ilimsuta Fundi vibaya. Alimletea mzee mto wa kukalia. Alimsifia anavyokunja pembe. Vipande vya keki alivyokata kusawazisha alivipanga kwenye kisahani akamsogezea, naye mzee akasema, "Unanidekeza, mwanangu," na Fundi akarudi haraka kwenye keki yake. Nyumbani mumewe alimuuliza ana nini, akamjibu kwa ukali kwamba hana kitu, kisha akaenda kukunja nguo zilizokuwa zimekwisha kukunjwa.

Mara nyingine alijipoza. Mzee ana umri wake, apumzike. Gari linachosha mgongo. Alikuwa karibu kulikubali hilo, mpaka siku ile Taratibu aliposema, huku akibana sanduku kati ya magoti, kwamba binti yake amemkataza kumpeleka mjukuu shuleni.

"Ana miaka saba," alisema. "Tunavuka barabara mbili tu. Lakini mama yake anasema, kama sikuliona tuta, nitaionaje pikipiki? Na ana haki. Siku hizi anampeleka mwenyewe, anachelewa kazini kila siku." Akabana pembe ya mwisho. "Nimeandikishwa kwa daktari wa macho, Jumanne ijayo."

Kuanzia hapo Fundi aliihesabu Jumanne. Siku moja, akiwa anakanda rangi ya waridi kwenye fondanti, alijikuta anaomba. Alikuwa anaomba daktari aione kasoro. Isiwe kubwa, ukungu kidogo tu kwenye jicho moja, kitu cha kufanya uongo wake uwe karibu na kweli. Aliposikia moyo wake unaomba hivyo aliacha kukanda, akaenda kusimama stoo katikati ya magunia ya unga mpaka uso ulipotulia.

Jumatano mzee alikuja kazini amechelewa. Siku hiyo Fundi alikuwa ameanza kasri la pili, lile la fidia. Safari hii alikuwa amenunua vijiti virefu mapema, akavikata na kuvisugua, na sasa alikuwa anavizamisha kwenye mnara wa kati kimoja kimoja. Taratibu aliketi mahali pake lakini hakugusa sanduku.

"Daktari amesemaje, mzee?"

"Macho mazima. Anasema kwa mbali naona kuliko yeye. Miwani ya kusomea tu." Hakusema kama mtu aliyepata habari njema. "Sasa kama si macho, ni kichwa. Binti yangu jana hakulala. Marehemu kaka yangu alianza hivyo hivyo. Jambo dogo linampita, anakana, hakumbuki. Mwisho alikuwa hatujui hata sisi." Aliitazama mikono yake. "Mimi naikumbuka ile safari yote, Fundi. Naikumbuka mvua, naikumbuka redio ilivyokuwa inasema. Breki siikumbuki. Hilo ndilo linanitisha."

Fundi alisukuma kijiti kikazama. Mzee akasogea akitazama, pengine ili abadilishe mazungumzo.

"Kumbe vinaingia mpaka chini kabisa. Ile nyingine uliweka vingapi?"

Kulikuwa na vijiti vitatu vimebaki mkononi. Fundi aliviweka mezani.

"Sikuweka," alisema. "Hata kimoja."

Mzee alimtazama asielewe.

"Virefu vilikuwa vimekwisha na mvua ilikuwa inanyesha, nikaona uvivu kuvuka. Mnara uliinama wenyewe. Hukukanyaga breki, mzee. Hukukosea kitu. Niliulizwa nikaogopa, nikakutupia wewe."

Taratibu aliinuka, akatembea mpaka dirishani. Aliporudi hakuketi.

"Kwa hiyo tuta nililiona," alisema.

"Uliliona."

"Nililipita pole pole."

"Naamini hivyo, mzee."

"Usiamini. Nakwambia." Sauti yake haikupanda, lakini neno lilikuwa zito. "Wiki nzima na siku zake nalala najiuliza kama asubuhi nitamjua mjukuu wangu. Wewe uko hapo, unanilisha keki."

Fundi alifungua mdomo aombe msamaha, mzee akainua kiganja.

"Hayo baadaye. Nenda kwa mwenye duka sasa hivi. Halafu jioni utakwenda kwa binti yangu, umwambie wewe mwenyewe. Nikimwambia mimi, atadhani ni kichwa kinanitungia."

Mwenye duka alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, kalamu mkononi. Hakufoka. Alisema kasri atalipeleka Taratibu, na Fundi atakwenda naye, amweleze mama wa mtoto kwa kinywa chake. Baada ya hapo, kwa mwezi mzima, mikate ya kawaida. Keki za maumbo angempa msaidizi. Fundi aliitikia. Ilimuuma, na akashangaa kuona maumivu hayo ni madogo kuliko aliyokuwa nayo jana yake.

Jioni alikwenda. Binti wa mzee alikuwa mwanamke wa rika lake, bado amevaa sare ya kazini, sufuria motoni. Alimkaribisha kiti, akamwita dada, akamuuliza hali ya watoto, na kila neno la ukarimu lilikuwa linamchoma Fundi. Alipoeleza, aliongea haraka, akitazama sakafu. Mwenzake alizima jiko.

"Nimemfanyia nini baba yangu?" alisema pole pole, kama anayejiuliza mwenyewe. "Nimemnyang'anya mtoto. Nimemfuata chumbani kuangalia kama amefunga dirisha. Asubuhi hii nilimuuliza leo ni siku gani, akanijibu, nami nikaenda kuangalia kalenda."

"Nisamehe, dada."

"Sijui. Leo sijui." Alijipangusa uso kwa mkono wa sare. "Mwanangu anauliza kila siku kwa nini babu hampeleki. Nilimwambia babu haoni vizuri. Sasa nimwambieje?"

"Mwambie nilisema uongo."

"Mwambie wewe."

Akaita, na mtoto akatokea, daftari kwapani, penseli imemwachia alama shavuni. Fundi alishuka kwenye kiti, akachuchumaa wawe sawa.

"Babu yako anaona vizuri," alisema. "Keki ilianguka kwa sababu yangu, nikasema ni yeye. Nilisema uongo."

Mtoto aliwaza. "Ulikuwa unamwogopa babu?"

"Hapana. Babu yako hata hatishi."

"Sasa ulikuwa unaogopa nini?"

Fundi alitafuta. Alitaka kusema bosi, akaona si kweli, maana bosi hakuwa mtu wa kuogopwa. "Niliogopa watu wataacha kuniita Fundi," alisema mwishowe, na masikioni mwake mwenyewe likasikika jambo dogo mno.

Mtoto hakuonekana kuridhika, lakini alikuwa na haraka. Alimgeukia mama yake. "Kwa hiyo kesho ananipeleka babu?"

"Kesho babu," mama yake alisema.

Taratibu alikuwa amesimama kwenye korido wakati wote, amesikia kila kitu. Alimsindikiza Fundi mpaka getini, kwa adabu. Hapo akamwambia kwamba Jumamosi watatoka na kasri saa nne, kwa sababu barabara itakuwa na magari mengi, na kwamba asichelewe. Fundi alisema hatachelewa. Mzee akafunga geti, na kutoka barabarani Fundi alimsikia ndani akimuuliza mjukuu wake viatu vya shule ameviweka wapi.