Raba Mpya za Refa Ghalib

Ghalib alizaliwa kisiwa cha Chula, karibu na Kismayo, akakulia Mombasa ambako wazazi wake walikimbilia, akarejea kuishi Kismayo akiwa mtu mzima mwenye mke na filimbi. Asubuhi aliuza taa na betri za umeme wa jua dukani kwa shemeji yake. Alasiri za Ijumaa alichezesha mpira. Wachezaji walimlalamikia kwa mengi, ila hakuna aliyewahi kusema kwamba alikuwa mbali. Mtu akianguka, akiinua uso kutafuta refa, alimkuta Ghalib amesimama pale pale anamtazama.

Wengi hawakujua kwamba nyayo zake ni bapa. Akikanyaga, mguu hulalia ndani, na akikimbia na raba za kawaida magoti humuuma hata akashindwa kurukuu kwenye swala. Zamani, huko Mombasa, dada yake Fathiya alimpeleka kwa mtabibu wa viungo, akaambiwa atafute raba ambazo soli yake ni ngumu upande wa ndani, zitakazouzuia mguu usilale. Wakazipata za chapa iitwayo Varna. Magoti yakapoa. Tangu hapo hakuvaa nyingine; zikichakaa, Fathiya alinunua jozi kama ile ile na kumpa msafiri wa kuaminika.

Mwaka huu, fainali ilipokaribia, Fathiya alipiga simu.

"Zile zako hawazitengenezi tena," alisema. "Varna wameleta mpya, laini kama godoro. Nimezibinya kwa kidole, kimezama. Hazikufai."

"Sasa?"

"Nimekuchukulia Kestro. Muuzaji kaniapia zina kazi ile ile. Anasema wakimbiaji wengi wamehamia huko."

Zilifika siku mbili kabla ya mechi. Zilikuwa nyeusi, zimeshonwa vizuri, na ndani yake kulikuwa na kinundu kigumu kilichopanda hadi katikati ya wayo. Ghalib alizivaa akazunguka ukumbini. Mkewe Hafswa, aliyekuwa akichambua mchele, alimwangalia akipita.

"Mbona watembea kama mtu aliyekanyaga kokoto?"

"Zanishika mno."

"Basi vaa za zamani."

Za zamani alizitoa chini ya kitanda. Soli ya kushoto ilikuwa imeachia, na upande wa ndani umelika kabisa. Akaona bora mpya. Aliamini zitalainika zenyewe uwanjani.

Fainali ilikuwa kati ya timu ya mjini na timu ya vijana wa visiwani. Nahodha wa visiwani alikuwa Shee, fundi wa mashine za boti, kijana wa Chula ambaye mamake na mamake Ghalib walikuwa ndugu wa kunyonya. Mwenyekiti wa marefa alimwita Ghalib kando kabla ya mechi.

"Watu wasema wale ni jamaa zako. Utaweza?"

"Nitaweza," akajibu. Na kwa hilo hakuwa na wasiwasi wowote.

Kipindi cha kwanza hakijafika nusu, kinundu kile kilianza kumchoma. Ilipofika mapumziko vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi. Alilegeza kamba, akanywa maji, hakumwambia mtu. Kipindi cha pili mjini wakafunga bao kwa kona, na visiwani wakawa wanashambulia mfululizo. Ghalib alikuwa akikimbia huku hajui mguu wake umegusa chini au bado.

Mwisho mwisho Shee alipokea mpira katikati, akampita mtu wa kwanza, akampita wa pili, akaingia ndani ya eneo la hatari. Ghalib alibaki nyuma. Alichokiona ni migongo ya mabeki, kisha Shee yuko chini na uwanja mzima umesimama. Akamtazama Faris, mshika kibendera. Faris naye alikuwa amezibwa. Kibendera kilibaki chini. Ghalib alijua kwamba mahali pale alipokuwa hapakuwa mahali pake. Akapunga mikono mchezo uendelee. Mjini wakachukua kombe kwa bao lile moja.

Baada ya mechi watu wa mjini walimfuata kumpa mkono. Mzee mmoja wa kamati, aliyempinga wiki nzima, alimshika bega.

"Nilisema utawapendelea watu wako. Nimekukosea."

"Sikuona, mzee," Ghalib akasema.

Mzee akacheka, akadhani ni unyenyekevu.

Usiku huo video ilikuwa imeshafika kwenye kila simu. Hafswa alimwonyesha: beki amemshika Shee jezi kwa nyuma, kisha akamkata mguu. Ghalib aliiangalia mara mbili, akarudisha simu. Khalati yake Mwanatumu, ndugu wa mamake, alimpigia kutoka Chula, akamsalimia vizuri, akamuulizia watoto, kisha akasema, "Watu huku wauliza, mchu wao amewafanya nini." Huyo mchu, yaani mtu kwa Kibajuni, alikuwa yeye. Akakata simu.

Kilichomtaabisha Ghalib zaidi ni zile pongezi. Lawama angezibeba, maana alikosea kweli. Lakini kusifiwa kwa haki ambayo hakuitenda kulimfanya aone aibu kupita sokoni. Siku ya tatu akamfuata Shee kazini, bandari ya Kismayo, akamkuta amefungua mashine ya boti, mikono imejaa grisi.

"Ilikuwa penalti," Ghalib akasema. "Sikuwa karibu. Nilivaa raba mpya, mguu ukafa ganzi, sikuweza kukimbia."

Shee aliendelea kukaza nati. "Ami," akasema mwishowe, kama alivyozoea kumwita kwa kumzidi umri, "ungeniambia uliwaogopa wale wa mjini, ningekusamehe. Kila mtu huku anaishi kwa kuogopa. Lakini raba?"

"Ni kweli."

"Huenda ni kweli. Mimi hiyo siwezi kwenda kuwaambia wenzangu."

Ghalib akaenda kuwaambia marefa wenzake, akaomba asipangwe mpaka mguu upone. Walimsikiliza kwa heshima, lakini habari ilitoka siku hiyo hiyo, na vijana wa mjini wakaanza kumwita Kabo, yaani viatu kwa Kisomali. Zile pongezi zikaisha. Alihisi nafuu kidogo.

Akaenda kwa Marwa, mtabibu wa viungo aliyekuwa na chumba chake nyuma ya duka la dawa. Marwa alimtembeza kwa miguu mitupu, akazikunja zile Kestro kwa mikono, akapitisha kidole ndani.

"Si mbovu," akasema. "Zinakunyanyua zaidi ya ulivyozoea. Mguu wako miaka yote umejifunza kiatu kimoja. Nani alikwambia uzivae leo, kesho uchezeshe fainali?"

"Hakuna."

"Vaa saa moja nyumbani, kisha vua. Kesho ongeza. Ukitoka kukimbia, siku moja hizi, siku ya pili zile za zamani. Hizo zitie gundi."

Ghalib alifanya hivyo, bila furaha. Mambo hayakwenda sawasawa: wiki moja nafuu, wiki nyingine maumivu yamehamia kwenye kisigino. Mwishowe Marwa aling'oa kitambaa cha ndani cha zile Varna za zamani, akakipunguza kwa makasi, akakilaza ndani ya Kestro juu ya kinundu. Hapo mguu ukakubali, isipokuwa kidole kidogo, ambacho hufa ganzi mpaka leo akikimbia sana. Msimu mpya ulipoanza alirudi uwanjani. Mechi kubwa aliomba apewe kibendera tu, na kamati haikumbishia.

Idi ilipofika alivuka na Hafswa kwenda Chula kumwona khalati. Alikuwa hajafika huko tangu fainali. Waliposhuka botini, Shee alikuwa pale na wenzake wawili wa timu. Wale wawili walitoa salamu wakaendelea na yao. Shee akachukua mfuko wa Hafswa, wakaongozana njia nzima wakizungumzia bei ya petroli na harusi ya binamu yao.

Mwanatumu alikuwa ameandaa wali na samaki wa nazi. Alimweka Ghalib upande wake, akamchagulia kipande kikubwa, akamwambia amekonda. Walipokwisha kula, Shee akanawa mikono, akamuuliza kwa sauti ya chini:

"Ami, mguu vipi?"

"Haujambo. Kidole kimoja tu."

Shee akaitikia kwa kichwa, akampitishia Ghalib birika la kunawia.