Sala ya Kiwanjani

"Mama Bernado, watoto wana bomba, wana bodaboda, wewe unawakimbiza waende wapi?" Jirani yangu Jeska aliniuliza hivyo siku aliyonikuta naruka kamba na wasichana wa darasa la tano.

Niliendelea kuruka. Mimi ni mpishi wa uji pale shuleni kwetu Bugwema, nawaona kila siku. Zamani watoto walikuwaga wanachota maji mbali. Siku hizi bomba liko mlangoni, na shuleni wanaletwa na pikipiki, watatu watatu. Mtoto wa miaka kumi anahema kwa kutoka darasani mpaka jikoni. Basi nikianza kuruka, wanacheka: "Bibi ataanguka!" Wakicheka wanasogea, wakisogea wanaruka. Kufika mwezi wa nane kiwanja kilikuwa kinajaa, rede huku, mpira kule.

Ndipo Mzee Ephraim, mwenyekiti wa kamati ya shule, akaamua kiwanja kilimwe mahindi.

"Mahindi ya uji wako huo, mama," aliniambia. "Kiwanja hakiliwi."

"Uji upo, mzee, wazazi wanachanga. Watoto watachezea wapi?"

"Watapalilia. Hayo si mazoezi?"

Jumamosi Masanja akaja na plau na ng'ombe wake wanne. Wazazi wakasimama, watoto pembeni wamenuna. Kwetu hakuna anayeingiza plau ardhini kabla ya sala, na mwenye kusali ni mimi, tangu mume wangu katekista afariki. Ephraim mwenyewe akavua kofia. "Mama, tuombee."

Nikafumba macho.

"Bwana, umewapa watoto hawa miguu. Hukuwapa ili waikalie. Kiwanja hiki ni chao. Anayetaka kukilima, mkono wake uwe mzito mpaka aone haya. Amina."

"Amina!" Watoto waliitikia kwa kelele. Wazazi wakaitikia. Ephraim naye, kwa mazoea, akaitikia.

Kisha akafumbua macho. "Hiyo si sala! Jumatatu usiguse sufuria za shule!"

"Sawa. Nitakuja kuruka kamba."

"Masanja, lima!"

Masanja alinitazama, akamtazama yeye. "Mzee, na wewe umesema amina. Mimi pia nimesema. Nani atairudisha?"

"Nimesema lima!"

Masanja akalaza plau ubavu, akawageuza ng'ombe, akawaswaga mpaka nje ya kiwanja.