Nyuzi za Paja la Sikuzani

"Funga jicho la kushoto, Mama Swedi. Usiguse meza."

Sikuzani alifumba jicho moja na kuinamia hadubini. Kwanza aliona kope zake mwenyewe, nyeusi kama miguu ya sisimizi. Kisha mwanga ukatulia, na mbele yake ikatandazwa nyama ya paja lake, kile kipande kidogo ambacho Daktari Marguerite alikuwa amekitoa wakati wa mvua za kwanza, akakikata nyembamba na kukitia rangi. Viduara vilibanana, kila kimoja kikimgusa jirani yake. Vingine vilikuwa vya zambarau iliyokolea. Vingine vilipauka kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Na vingine havikujua viwe upande gani.

Hyacinthe, muforoma aliyewahudumia wagonjwa wa dispansere ile, alitafsiri Kifaransa cha daktari. "Anasema nyama iko na nyuzi ndogondogo. Hapa zimekatwa, unaona vichwa vyake. Kila uzi inashika rangi kwa namna yake. Yenye kukolea iko nzima. Yenye kupauka iko kama za Swedi."

Swedi, mwanawe, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Alianza kwa kuangukaanguka njiani kwenda chuo cha Kurani, akaishia kubebwa mgongoni na mama yake, hadi kifua nacho kilipochoka kuvuta pumzi.

"Kwa hiyo mimi ni mugonjwa?"

Hyacinthe alilitafsiri swali. Daktari, mwanamke mrefu mwenye vidole vilivyobabuka kwa dawa, alitikisa kichwa, akasita, akaongeza maneno.

"Anasema hapana. Lakini si muzima kabisa. Uko vyote viwili."

"Mutu mumoja?"

"Paja moja."

Hyacinthe aliona kwamba hajaeleweka. Alijua kazi ya mama huyu, kutwa kutwanga chikichi na kukamua mawese nyuma ya soko, akajaribu njia hiyo. "Ni kama mukungu wa chikichi. Mukungu ni mumoja, lakini zingine zimeiva, zingine bado."

Sikuzani alifikiri. "Zenye ni mbichi ninaziacha, zinaiva. Hizi zangu zitaiva lini?"

Swali hilo Hyacinthe hakulitafsiri.

Lakini Sikuzani hakuja kwa ajili yake mwenyewe. Alikuja kwa ajili ya Mwamini, binti yake, aliyeposwa na watu wa Kabonga. Daktari alisema ugonjwa ule hubebwa na mama ukawaangukia watoto wa kiume. Binti huenda ameurithi, huenda hakuurithi. Paja la Mwamini nalo lilikuwa limeshatolewa kipande. Warudi mwisho wa Aprili kusikia jibu. Biasha, mama wa mchumba, hakuwa na habari. Sikuzani alitaka kumwambia, ila amwambie nini? Kwamba binti anao, na hana?

Wiki zile alifanya kazi vibaya. Chikichi zilipitiliza jikoni. Aliengua mawese kabla hayajapanda juu, yakatoka na maji, wateja wakanung'unika. Jioni alimkodolea macho Mwamini akiinuka mkekani, aone kama anajisukuma kwa mikono, jinsi Swedi alivyofanya.

"Mama, unanitazama nini?"

"Sikutazami."

Jumamosi ya mwisho wa Aprili, mwaka ule wa 1972, mji wao wa Rumonge uligeuka. Walipita wenye mapanga, kisha wakaja wanajeshi. Hawa waliuliza wewe ni nani, wale waliuliza wewe ni wa nani, na jibu lililomwokoa mtu asubuhi lilimponza jioni. Sikuzani na binti yake walijificha katika michikichi. Milio ya bunduki ilipopungua, alimwacha Mwamini huko akaenda dispansere, mchana kweupe.

Mlango ulikuwa wazi. Kabwe, mfagiaji, aliketi kizingitini na ufagio mapajani.

"Daktari iko?"

"Wazungu wenzake walimupeleka Bujumbura."

"Na Hyacinthe?"

"Walimupakia nyuma ya kamyo, wakaondoka."

"Nani?"

Kabwe alimtazama kana kwamba ameuliza jambo la kitoto. "Wenye kamyo."

"Alifanya nini?"

"Alijua kusoma, Mama Swedi. Kingine sijui."

Ndani, hadubini haikuwepo. Vile vioo vyembamba vilibaki katika sanduku lao. Sikuzani alichukua kimoja, akakiinua dirishani penye jua. Aliona doa tu, kubwa kama ukucha, na maandishi asiyoweza kuyasoma. Akainua kingine. Doa vilevile. Lipi lake, lipi la Mwamini, lipi la mtu mwingine kabisa? Alivirudisha polepole, kama mtu arudishaye mayai chini ya kuku.

Alirudi kwa Mwamini michikichini, na wavuvi wa ndagala wakawachukua kwa mtumbwi, wakaipita Kigwena, hadi Kabonga. Huko ufukweni walimkuta Biasha akipakia sufuria, mikeka na cherehani. Mchumba alikwishavuka na mzigo wa kwanza kwenda Tanzania. Sikuzani alimvuta kando.

"Dada, niko na neno."

Akalisema lote: Swedi, paja, nyuzi zilizokolea na zilizopauka. Alilisema vibaya, akirudi nyuma, akijikanusha.

Biasha alisikiliza, mkono juu ya cherehani. "Kwa hiyo Mwamini anao, ama hana?"

"Sijui."

"Nani anajua?"

"Labda Hyacinthe. Walimuchukua."

Biasha aligeuka kutazama upande wa Nyanza-Lac, kulikokuwa na moshi. "Na wewe, hiyo nyama yenye kupauka, inakuuma?"

"Hapana." Akafikiri. "Siku zingine miguu inachoka. Lakini ni nani miguu yake haichoki?"

Biasha hakucheka. Alifunga fundo la mwisho la mzigo wake.

"Pandeni," alisema.

Sikuzani alitaka kuuliza kama hilo ni jibu la posa au ni la mtumbwi tu. Alipanda, akakaa nyuma penye magunia. Mwamini aliketi mbele, bega kwa bega na Biasha, wote wawili wamempa mgongo. Walipofika maji marefu, ziwa likaanza kupenya katika ubao. Biasha aliokota kopo kuukuu miguuni pake, akampa Mwamini bila kumtazama. Mwamini akainama, akachota, akamwaga, akachota tena, na maji yakaendelea kuingia kidogo kidogo.