Mlango Unaobana

Fundi alikuwa na msimamo mmoja tu kuhusu mlango: ufunguke kwa kidole, ufungike bila kelele. Ndiyo maana mtaa mzima ulimpa kazi. Alipoombwa mlango wa kusimama jukwaani katika mchezo wa kuigiza wa vijana wa mtaa, akaupiga randa mpaka ukateleza kama sabuni.

Mchezo wenyewe uliandikwa na bintiye, kitinda mimba wa miaka kumi na saba, ambaye nyumbani walimwita Kasuku kwa kuwa hanyamazi. Jumamosi saa nane mchana vijana walikuwa ukumbini kwa zoezi la mwisho. Saa kumi watu wangeanza kuingia.

Katika mchezo, mama ameketi anakunja nguo, ameupa mlango mgongo. Mlango wa nyumba hiyo unabana. Kila anayerudi hupambana nao kwa namna yake, na mama humjua kwa mshindo kabla hajamwona.

Kijana mmoja mwembamba, Njiti, akausukuma kwa bega kama alivyofundishwa. Mlango ukafunguka bila hata kuguna. Njiti akapitiliza, akaenda kuangukia kapu la nguo. Wenzake wakavunjika mbavu.

"Njiti, umerudi kwenu au umefukuzwa na mbwa?" akauliza Shangazi, mshonaji aliyekiongoza kikundi cha vijana hao miaka yote, akiwa na pini mdomoni.

Kasuku hakucheka. Alishuka jukwaani na karatasi zake, akasimama mbele ya baba yake aliyekuwa ameketi akitazama zoezi.

"Baba, nilikwambia mlango ubane."

"Nilidhani unatania. Nani anaagiza mlango mbovu?"

"Mimi. Kama wa kwetu."

Fundi akakohoa. Mlango wa kwao ulikuwa unabana tangu mvua kubwa za mwaka juzi. Alisema ataushughulikia akimaliza kazi za wateja, na kazi za wateja haziishi.

"Leo wateja wangu wote watakuwa hapa," alisema. "Wakiona fundi katengeneza mlango unaokwama, Jumatatu nitamtazama nani usoni?"

"Na usipokwama, mama atawajuaje wanawe? Watu watasema ni mchawi. Mchezo wangu umekwisha hapo." Akaanza kuzikunja karatasi zake.

Fundi akauliza polepole, "Na mimi nimo humo?"

"Uko mwisho. Unasukuma kwa bega mara mbili, halafu unakohoa ili tusijue kwamba mlango umekushinda."

"Mimi sikohoi."

"Umekohoa sasa hivi, Fundi," akasema Shangazi.

Fundi akatoa bisibisi na nyundo. Kuharibu kazi yake mwenyewe kulimuuma kama kumchapa mtoto asiye na kosa. Akalegeza bawaba ya juu, mlango ukainama. Akapigilia kipande chembamba cha mbao chini ya fremu. Akasukuma, ukagoma kabisa. Akapunguza mbao, akasukuma tena, ukapita kirahisi mno. Mara ya tatu ukabana, ukaguna, kisha ukaachia.

Kasuku alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama, mgongo kwa mlango, macho ameyafumba.

"Huyo ni Baba," alisema. "Usiuguse tena."

Saa kumi na nusu ukumbi ulijaa. Kando ya Fundi alikaa mwenye duka la vyombo, ambaye kabati lake lilikuwa bado karakanani likitengenezwa. Mchezo ukaanza. Binti mkubwa aliingia kwa nyonga, kaka kwa mateke mawili, na kila mara mama alitaja jina bila kugeuka. Watu walicheka, kisha wakaanza kubahatisha wenyewe kabla ya mama.

Mwisho mlango ulipigwa bega. Haukufunguka. Ukapigwa tena. Nje mtu akakohoa.

"Baba yenu huyo," alisema mama, akiendelea kukunja shati. "Mpisheni, amechoka."

Njiti akaingia amevaa koti lililompwaya. Hakuna aliyecheka. Fundi akajikuta anataka kukohoa, akajizuia kwa nguvu zote.

Mwenye duka akamgusa kwa kiwiko. "Mlango gani huo? Nani kautengeneza?"

Ingekuwa rahisi kusema umeazimwa. Pembeni ya pazia Kasuku alikuwa amesimama, midomo yake ikifuata kila neno.

"Mimi," akasema Fundi. "Na umenitoa jasho kuliko kabati lako."