Mto Uliomwagika

Inatangazwa kwa umma, kwa heshima na taadhima, kwamba msafara rasmi wa kuelekea kisiwani uliwasili salama katika mji wa bandari wakati wa alasiri, ukapokewa kwa shangwe kubwa.

Shangwe yenyewe ilikuwa mbwa mmoja, tena alikuwa akimbwekea mtu mwingine. Na msafara ulikuwa watu wawili na mto mmoja wa kulalia, uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni kama mtoto mchanga.

Mwenye mto alikuwa fundi wa mito na magodoro, mwanamke mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya barabara. Wateja walimwita Mama Sufi, kwa sababu sufi haikukosekana kwenye nywele zake hata siku ya harusi ya watu. Mbeba mto alikuwa mtoto wa kaka yake, mwanafunzi wa bweni aliyekuwa likizo. Shuleni walimwita Katibu, maana hakuweza kuomba chumvi mezani bila kuanza na "ndugu wajumbe".

Safari ilikuwa ya kikazi. Zahanati ya kisiwani ilikuwa imeongeza wodi mpya, na wodi haina maana bila mito. Msimamizi wa zahanati alikuwa amebakiza wawili wa kuchagua: Mama Sufi, na duka moja la hukohuko kisiwani lililouza mito ya sponji. Kesho yake angeweka mto kwa mto, aamue. Kwa Mama Sufi kazi hiyo ilikuwa na maana moja tu. Angeacha kushonea kwenye baraza la jirani, mvua ikimrushia sindano na uzi, apange chumba chake chenye mlango na kufuli. Kufuli alishalinunua. Alitembea nalo kwenye mkoba.

"Shangazi," Katibu alisema waliposhuka kwenye basi, "si tungepanda la usiku tu? Alfajiri tungeshukia mlangoni mwa feri."

"Mwanangu, mimi nauza usingizi. Muuza usingizi hafiki kwa mteja na macho mekundu kama mvuta bangi. Safari tunaikata hapa. Tunaoga, tunalala, kesho tunafika kama watu."

Nyumba ya wageni ilikuwa karibu na kituo cha feri. Chumba chao kilikuwa na vitanda viwili, feni ya darini, na meza iliyotiwa kipande cha kadibodi chini ya mguu mmoja ili isicheze. Mama Sufi aliunyanyua mto wa kitandani kwa ncha za vidole viwili.

"Hiki nini?"

"Mto, mama," akajibu mhudumu, mwanamume mwembamba mwenye rundo la funguo kiunoni.

"Mto? Huu ukimpiga nao mwizi, wewe ndiye unayefungwa."

"Wageni wengine hawalalamiki, mama."

"Wanalalamikaje na shingo zimepinda?"

Mhudumu akaondoka akijipapasa shingo.

Hapa inafaa kueleza utaratibu wa kazi wa fundi huyu. Kabla hajakabidhi mto wowote, Mama Sufi huuonja. Anaulalia sikio moja, anafumba macho, anasikiliza. "Mto mzuri hausemi," hupenda kusema. "Ukisema, ujue kuna kitu ndani." Mto wa zahanati alipanga kuuonja akishaoga, kichwa kikiwa safi. Akachukua taulo la nyumba ya wageni, lililokuwa gumu kama mkeka, akaenda bafuni mwisho wa ukumbi.

Ni lazima itajwe, kwa ajili ya kumbukumbu tu, kwamba mchana huo basi liliposimama watu wanyooshe miguu, Katibu alinunua bata wa mpira, mdogo kama limau, anayelia kwaa akibonyezwa. Sababu za ununuzi huo hazitajadiliwa hapa. Itajwe pia kwamba mfukoni alikuwa na wembe wa kuchongea penseli, kama mwanafunzi yeyote mwenye bidii. Kati ya mambo hayo mawili na yaliyofuata, uhusiano wowote haujathibitishwa.

Yaliyofuata ni haya. Mama Sufi alirudi kutoka bafuni akiimba, akafungua mlango, wimbo ukamfia mdomoni. Feni ilikuwa inazunguka kwa kasi ya mwisho, na chumba kizima kilikuwa kinaelea. Sufi ilikuwa juu ya vitanda, juu ya meza, ndani ya viatu, ikipanda na kushuka kana kwamba kuna mtu ananyonyoa kuku mia moja darini. Katikati ya sakafu ulikuwa umelala mfuko wa mto, mtupu, mshono wazi kutoka pembe hadi pembe. Na juu ya kitanda cha pili alikuwa Katibu, kwenye usingizi wa pono, akikoroma kwa mpangilio mzuri kabisa.

"Wewe! Amka! Nini hiki?"

"Hm? Shangazi? Ndiyo kwanza..." Akajitazama, akatazama chumba, akashtuka kwa ustadi. "Jamani! Huyu atakuwa panya."

Mhudumu, aliyekimbilia kelele, alisikia neno hilo akiwa mlangoni. "Panya? Hapa? Kijana, nyumba hii hata mende haingii bila kuandikisha jina."

"Mimi nasema nilichokiona."

"Si ulikuwa umelala?"

"Nilikiona kabla ya kulala."

Mama Sufi hakuwasikiliza. Alizima feni, akachuchumaa, akaupitisha mfuko vidoleni. Nyuzi zilishapeperuka na sufi, hazikusomeka tena. "Panya hutoboa," akasema polepole. "Huu haukutobolewa. Huu mshono wangu umefumuka."

Alisema kwa sauti ndogo. Katibu hakujua kwamba shangazi yake ana sauti ndogo.

Lakini Mama Sufi si mtu wa kukaa chini muda mrefu. Aliagiza ufagio, akaagiza shuka safi la kuzolea, akafunga nywele. "Wewe shika simu yangu. Mwandikie msimamizi. Mwambie mto umemwagika, lakini tutafika. Mimi sifichi mtu kitu."

Katibu akaandika, kwa kalamu aliyojaliwa: *Kwa heshima na taadhima, tunasikitika kukuarifu kuwa jioni hii mto umemwagika. Hata hivyo tutafika.*

Simu ikalia kabla hajaiweka chini.

"Poleni sana!" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, yenye hofu. "Umemwagika sana?"

"Wote, mama."

"Mungu wangu. Mmekimbilia wapi?"

"Hatujakimbia. Tumo chumbani."

"Umefika hadi vyumbani?"

"Hadi chini ya kitanda. Mwingine umeingia kwenye viatu vya shangazi."

"Na shangazi yako yuko wapi?"

"Anauzoa."

"Anauzoa mto?"

"Kwa ufagio, mama. Akimaliza anautia kwenye shuka."

Sauti ikasema kwa upole ule wa wauguzi wakizungumza na mwenye homa kali: "Mwanangu, sikiliza. Mwambie shangazi yako aache ufagio. Pandeni juu ya paa."

Mama Sufi akamnyang'anya simu. "Msimamizi! Mto wa kulalia! Wa kulalia, mama, si wa maji! Ule wa kwako!"

"Aaa," ikasema simu. Ilikuwa "aaa" ndefu, yenye kicheko mwanzoni, lakini haikumalizika na kicheko. "Kwa hiyo mto wako umefumuka kabla hata haujafika."

"Umefumuka, naushona."

"Haya mama. Njoo nao tuone."

Mama Sufi aliirudisha simu, akatia uzi kwenye sindano kubwa ya magodoro. Ilimchukua mara tatu kulipata tundu. Katibu ndiye aliyejaza sufi, konzi kwa konzi, kwa bidii ambayo ingemshangaza kiranja wake. Mshono ulipofungwa, shangazi aliuonja mto. Sikio, macho, kimya. Mto haukusema kitu. Akatikisa kichwa kukubali, lakini bila raha.

Katibu alipapasa mfuko wake wa suruali. Akapapasa wa pili. Akainama chini ya kitanda. Bata hakuwepo. Akajipa moyo kwamba amefagiliwa pamoja na takataka, akalala, safari hii bila kukoroma.

Asubuhi feri ilijaa baiskeli, matenga ya nyanya na watu wanaogombea kivuli. Mama Sufi, ambaye kwa kawaida angekuwa ameshawauzia godoro nusu ya abiria, alikaa na mto mapajani, akiupitisha mshono vidoleni mbele na nyuma.

"Uzi huu nimeutumia tangu baba yako hajaoa," akasema. "Labda si uzi. Labda ni macho yangu, mwanangu. Mtu haambiwi siku macho yake yanapostaafu."

"Shangazi..."

"Sema."

Honi ya feri ikalia, ndefu, ya kutikisa meno. Katibu akaipokea kama udhuru rasmi. Ilipokoma, hakusema.

Wodi mpya ilikuwa inanuka rangi. Msimamizi alikuwa mama mpana, mchangamfu, miwani imekaa juu ya nywele. "Karibuni watu wa mafuriko!" akasema. Kwenye kitanda cha kwanza ulikuwa mto wa sponji, mweupe, umeshonwa kwa mashine, umenyooka kama tofali. Mama Sufi akaweka wa kwake kitanda cha pili.

Msimamizi akaupapasa, akaukunja, akaunusa. "Nisiwe mnafiki, huu nimeupenda. Unapumua. Lakini mama, wodi hii ina watu wa kujigeuza usiku kucha. Mshono ulioachia kabla hata mgonjwa hajaugusa, nitauamini vipi? Uliachia kwa nini?"

Mama Sufi angeweza kumtaja panya. Katibu alimwombea amtaje.

"Sijui," akasema Mama Sufi, amenyooka. "Uliachia. Sababu siijui, na sitakutungia."

Msimamizi akashusha pumzi, akatazama sponji. "Basi ngoja niulalie, nisije kusema sikuujaribu." Akavua viatu, akajilaza. Mama Sufi yeye huonja. Mama huyu alipakua sinia zima: kichwa, bega na uzito wote wa cheo chake.

*Kwaaa.*

Msimamizi akafumbua macho. Akainuka kidogo, akajilaza tena.

*Kwaaa.*

Muuguzi aliyekuwa akipita na beseni akasimama.

"Mto mzuri hausemi," alisema Mama Sufi. Hakuutazama mto. Alimtazama mtoto wa kaka yake. "Huu unasema nini, Katibu?"

Katibu akasafisha koo. "Ndugu wajumbe. Kuna kijana mmoja, wa familia bora, ambaye..."

"Kijana gani?"

"Kijana fulani, ambaye kwa nia njema kabisa ya kuchekesha..."

"Baba yake nani?"

Wapo watu ambao huulizwa swali hilo na bado wakaendelea kuhutubia. Katibu alitazama vidole vya shangazi yake, vilivyokuwa bado juu ya mshono.

"Ni mimi, shangazi. Haukufumuka. Niliukata. Nilitaka bata alie ukiuonja. Nilitaka katundu ka kupita bata tu, lakini uzi ulikataa. Nikakata, ukakataa. Nikapata hasira, nikaukata kote, na feni ilikuwa inazunguka." Akamtazama shangazi yake usoni. "Macho yako ni mazima."

"Unamtetea shangazi yako wewe," akasema msimamizi, akiketi. "Ni vizuri, lakini..."

Katibu akatoa wembe mfukoni. Ulikuwa umepinda katikati, makali yamemeguka vipande. Msimamizi akashusha miwani, akausogeza dirishani.

"Uzi ndio umefanya hivi?"

"Ndiyo, mama. Nilianza na upande huu, nikahamia huu."

Mama Sufi alitoa kibunda cha uzi kwenye mkoba, akampa msimamizi ncha moja. Msimamizi akavuta. Akajizungushia kidoleni, akavuta kwa mikono miwili, hadi kidole kikawa chekundu na muuguzi akaweka beseni chini amsaidie. Uzi uliwatazama tu.

"Mwambieni mwenye sponji aje achukue tofali lake," akasema msimamizi, akipuliza kidole. "Mama, anza kazi. Na huyo bata mtoe, nina mtoto chumba cha pili amegoma kunywa dawa."

Sauti kubwa ya Mama Sufi ikarudi yote kwa mpigo mmoja. Alicheka hadi madirisha mapya yakatetemeka, akamkumbatia msimamizi, akamkumbatia muuguzi, kisha akamshika Katibu sikio.

"Mito yote ya wodi hii utaijaza wewe. Likizo nzima. Na tukifika nyumbani, baba yako atataka kujua sufi imeingiaje masikioni mwako. Utamsimulia mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Na usithubutu kumwambia kuna kijana mmoja!"

Nimejitahidi, kama mnavyoona, lakini shangazi anasoma juu ya bega langu na kufuli la chumba chake kipya liko mkononi mwake. Basi. Panya hakuwepo, mhudumu aniwie radhi, na kijana huyo ni mimi.