Koki ya Msimbu

Mimi nachovya vyuma kwenye beseni la nikeli hapa Kibaha, vipate ganda jipya linalong'aa, na kuna siku natamani nimchovye mtu. Mwenyekiti wa kamati ya maji ya Msimbu, Mzee Kitwana, aliniletea vitu viwili: shafti ya pampu ya kisima chao, iliyolika kwa kutu, na koki ya kuchotea maji. Uzinduzi ulikuwa kesho yake, na beseni langu linamudu kitu kimoja tu kwa siku.

"Mzee, tuanze na shafti," nikamwambia. "Nikeli itajaza palipolika, pampu ivute maji."

"Shafti inakaa ndani ya pampu. Mgeni rasmi ataiona wapi? Chovya koki."

Nikaichovya, ikang'aa kama kioo. Nilikuwepo mgeni rasmi alipokata utepe na kuifungua. Ikatoa upepo. Akainama kuichungulia, akajiona, akaweka tai yake sawa. Mshereheshaji akaomba makofi, na watu wazima wenye ndoo tupu wakapiga!

Wiki iliyofuata Mzee Kitwana akarudi. Nikajua amefuata shafti, maana bado iko mezani kwangu inaota kutu. Kumbe ameshika ndoo ya bati.

"Mgeni anarudi," akasema. "Safari hii atapigwa picha akimtwisha Bi Mwanaamina wa kijijini kwetu maji. Ndoo lazima ing'ae."

"Na maji yenyewe yatatoka wapi, mzee?"

Akanitazama kana kwamba nimemkosea adabu.

"Si ndoo moja tu, kijana? Bodaboda atayaleta kutoka Mto Ruvu."