Shayiri ya Viorica

Alfajiri, taa za barabarani zikiwa bado zinawaka, Zohara alisikia kitu kikikwaruza sakafu ya jikoni, kama panya anayetafuna mkate mkavu. Ilikuwa shayiri. Ilikuwa imepasua vigae pale mkwewe, Viorica, alipoacha viatu.

"Imefika magotini, mama," Viorica alisema akiinjika birika.

"Basi pita kando, usiikanyage."

Ilianza wiki saba nyuma, walipojiunga na darasa la jioni katika ukumbi wa mtaa wao, mjini Beer Sheva. Wanawake kumi na mmoja walisoma vitabu vifupi vya maandiko kama hadithi: nani anasema, nani ananyamaza, watu wa kale walivunaje. Walikuwa wamefika kile cha sura nne, cha mjane wa Moabu aliyemfuata mama mkwe wake hadi nchi ya ugeni, akaokota shayiri mashambani. Kila alipoketi Viorica, shayiri iliota. Mwalimu Yokheved alimsogezea kiti dirishani, ipate jua.

Viorica alitoka Moldova. Mumewe Avner, mwana pekee wa Zohara, alifariki mwaka uliopita, na kibali chake Viorica cha kuishi nchini kikaisha siku hiyo hiyo. Ombi jipya lilikuwa katika ofisi ya uhamiaji.

Jioni ya kuamkia sikukuu ya mavuno, wanawake walikuja na visu vya jikoni na keki za jibini. Wakavuna ukumbi. Pembe moja wakaiacha, kama ilivyoamriwa katika maandiko, iwe ya maskini na mgeni.

"Zohara, mkweo ana mkono wa kilimo!" alicheka jirani yao, Simha. "Siyo kama marehemu mume wangu. Yule hata mnanaa ulimfia kwenye kopo."

Zohara alinusa mabua. Akakumbuka utoto wake, mtaa ukiwa vibanda na vumbi, mama yake akioka mkate katika tanuri moja na majirani wa nchi sita. Siku hizo wote walikuwa wageni, na aliyechelewa alibakiziwa kipande.

"Ofisi imejibu," Viorica alisema, akampa mwalimu barua.

Yokheved aliisoma mara mbili. Ilikuwa fupi kuliko sura yoyote. Ndoa iliisha kwa kifo. Mjane aondoke kabla ya mwisho wa mwezi.

Zohara alimshika mkwewe mkono, wengine wakaendelea kufunga miganda.

Hallel, binti wa miaka mitano wa mwalimu, alimeza keki yake.

"Mama, yule wa kwenye kitabu alibaki."